Cheti cha ukumbini hakimrudishi mtoto kutoka Lupanga

Mhariri,

Ile habari yenu ya Jumanne, ya walezi wa kujitolea wa skauti "waliohitimu" mafunzo ya siku mbili ukumbini, nimeisoma, nikaliweka gazeti chini, nikalichukua tena nihakikishe macho hayajanidanganya. Nalisoma gazeti hili tangu nikiwa kazini na sijawahi kuliandikia hata mstari mmoja. Barabara ya mtaani kwetu imeliwa, maji yamekatwa wiki nzima, nimekaa kimya. Hii imenishinda. Kwenye picha yenu walezi wamejipanga mbele ya hoteli, cheti kifuani, na sikuona kiatu hata kimoja chenye tope. Watu wanaofundishwa kuwapeleka watoto porini!

Mimi ni bwana misitu mstaafu, na milima ya Uluguru naijua kuliko ninavyoyajua maduka ya hapa mjini. Mwaka jana shule moja ya hapa Morogoro, ambayo siitaji kwa sababu mjukuu wangu bado anasoma pale, iliniomba niwasindikize skauti wao hadi kilele cha Lupanga. "Kazi yako ni kutuonyesha njia tu, mzee," mwalimu mlezi akaniambia. "Mengine tumeshasomea." Kweli, cheti alikuwa nacho. Kilikuwa kimebandikwa ofisini, pembeni ya ratiba ya vipindi.

Lupanga unazidi mita 2,100. Ukiutazama ukiwa sokoni unadhani utaupanda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Asubuhi jua linawaka. Saa sita ukungu umeshashuka, udongo unateleza na mtu wa mbele yako humwoni. Tulitakiwa kuondoka alfajiri. Tuliondoka saa tatu, tulikuwa tunamsubiri mpiga picha. Watoto walikuwa zaidi ya thelathini na watu wazima watatu, mimi nikiwemo, na hakuna aliyewahesabu. Nilipouliza nani atakaa nyuma kabisa ya msafara, mlezi wa pili akacheka, akasema skauti hawaachani.

Mvua ilitukuta tumeshaingia msituni. Binti mmoja wa darasa la sita, mwembamba, sweta ya shule imelowa mpaka mikono yake imerefuka kupita vidole, akaanza kutetemeka. Baadaye akaacha kutetemeka, na mimi ndipo nilipoogopa, maana mtoto aliyelowa akiacha kutetemeka bila kupata joto, mwili umeanza kushindwa. "Babu, sisikii vidole," akasema, na ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeamshwa usiku. Mwalimu akamwambia arukeruke apate joto. Kisha akatoa kipenga, kitu pekee cha safari alichokuwa nacho shingoni, akapuliza mfululizo kama refa aliyekasirishwa. Sasa, mhariri, kipenga cha kuomba msaada kinapulizwa mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia, ili anayesikia ajue kuna shida na ajue inatokea wapi. Hakuna mtoto aliyeambiwa hilo kabla ya kuondoka. Waliokuwa wametangulia waliposikia ile fujo wakadhani wanaitwa kushuka, wakashuka, wengine kwa njia ya wakata kuni isiyokuwa yetu. Ndani ya robo saa tukawa na mtoto mmoja anayezidiwa na wengine hatujui walipo. Wasichana wenzake wakamzungushia khanga, wakamvua zile nguo mbichi, nikampa koti langu na chai ya rangi yenye sukari nyingi niliyokuwa nayo kwenye chupa. Mwalimu alikuwa ameinua simu juu, anatafuta mtandao. Nilipomuuliza kozini walifundishwa nini kuhusu mtoto aliyepigwa na baridi, akanijibu kwa adabu zote: "Mzee, hiyo mada ilikuwa ya mwisho. Muda ukaisha, tukagawiwa vyeti."

Muda ukaisha! Lakini historia ya mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, waliifundishwa yote, akanihakikishia, na wimbo wakaimba. Basi historia hiyohiyo ingewatosha kama wangeisikiliza. Baden-Powell alipoanzisha Wood Badge, kozi ya kuwafunza walezi wa skauti, Septemba 1919 pale Gilwell Park, Uingereza, wanaume wazima na masharubu yao waligawanywa vikosi kama watoto na kulazwa kwenye mahema. Amezikwa Nyeri, Kenya, si mbali. Asiyeamini akamuulize.

Na yule mwalimu simlaumu sana. Alikabidhiwa skauti kwa sababu siku ya kikao cha walimu alikuwa msibani, na asiyekuwepo ndiye anayepewa. Nauli ya kwenda kozini alijilipia. Aliniambia mwenyewe hajawahi kulala nje hata usiku mmoja.

Ila tuulizane, hao skauti wenyewe tunawafanyia nini mwaka mzima? Mgeni akija, skauti wavishe skafu. Mwenge ukipita, skauti wasimame juani tangu asubuhi, wapige saluti, wasogeze viti, wabebe mkoba wa mheshimiwa. Mzazi amenunua sare, skafu na mkanda, na mtoto amemaliza darasa la saba hajui kufunga fundo zaidi ya lile la skafu ya mgeni. Nilimwona mmoja ameanguka kwa jua kwenye mapokezi, walezi wawili wakamburuta nyuma ya jukwaa asiharibu picha. Maji alipewa na muuza karanga.

Napendekeza hivi. Mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea, walezi wote waliomo kwenye picha yenu waletwe hapa, wapangwe wanane wanane. Kila kikosi kipewe njiti tatu za kiberiti, kuni mbichi na kilo mbili za maharage, wapike nje ya mpaka wa msitu tafadhali, maana ndani ya hifadhi moto ni marufuku. Usiku wa manane mmoja wao ajifanye amezidiwa, tuone. Asubuhi ambaye maharage yake yameiva na blanketi lake ni kavu apewe cheti. Posho ilipwe palepale kileleni, kwa kusaini, na mhasibu apande nayo mwenyewe.

Kuni mbichi nitatoa mimi. Mpiga picha asisubiriwe.

Bwana misitu mstaafu,
Morogoro