Malalamiko kuhusu barua ya mkopo iliyotaka meli ishushe mzigo Lubumbashi

Lubumbashi, 6 Mei 2024

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Tawi,
Kwa kupitia Idara ya Biashara ya Nje

Kuhusu: Kurudishiwa dola 2,020 na kujibiwa kwa maandishi

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mteja wenu wa miaka minane, mwenye mashine za kusaga mahindi pale Katuba. Tangu tarehe 10 Aprili nimefika gishe yenu, pale dirishani pa huduma, mara tano, na mara zote tano nimeambiwa mhusika yuko kwenye mkutano. Mikutano hiyo na iendelee, mimi nimeamua kuandika.

Mashine zangu nne za kusagia, zilizotoka India, zilikaa bandarini Dar es Salaam siku 21 zaidi ya ilivyohitajika. Hazikuwa na kasoro, ushuru haukuwa na mgogoro, na lori lilikuwa tayari. Zilisubiri karatasi, na karatasi zilikuwa kwenye droo ya ofisi yenu, hapa hapa mjini, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu kwa teksi.

Nianze na jina, maana hata wenzangu sokoni wananicheka. Inaitwa barua ya mkopo (letter of credit), ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji akileta hati zilizotakiwa, lakini hakuna aliyenikopesha hata franga moja. Kabla hamjaituma, mlinitaka niweke kwenu dola 38,400 zote, bei kamili ya mzigo, na fedha hiyo ikafungwa tangu Februari. Sikulalamika. Muuzaji hanijui, nami simjui. Yeye anataka uhakika wa kulipwa, mimi nataka uhakika kwamba halipwi kabla hajapakia. Benki inakaa katikati, inatazama karatasi, inalipa. Hiyo ndiyo kazi niliyowalipia.

Sasa kosa la kwanza, ambalo ndilo mama wa mengine yote.

Kwenye fomu ya maombi niliyoijaza kwa mkono wangu, na ambayo nakala yake ninayo yenye muhuri wenu wa mapokezi wa tarehe 8 Februari, kwenye kisanduku cha bandari ya kushushia niliandika Dar es Salaam. Kwenye kisanduku cha mahali pa mwisho niliandika Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia. Mtumishi wenu alipohamishia maneno hayo kwenye ujumbe wa SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana ujumbe, uliotumwa India tarehe 12 Februari, kipengele 44F, ambacho ni cha bandari ya kushushia, kiliandikwa Lubumbashi. Dar es Salaam haikuandikwa hapo kabisa.

Bwana Mkurugenzi, mimi nimezaliwa mji huu. Nimeona treni, nimeona malori ya shaba yakipanga foleni mpaka usiku, lakini meli sijaiona. Kutoka hapa kwenda kwenye maji ya chumvi ni safari ya siku kadhaa kwa lori. Hakuna kampuni ya meli duniani itakayotoa hati ya shehena (bill of lading), ile karatasi ya kuchukulia mzigo, inayosema chombo chake kitashusha kontena Lubumbashi. Kwa hiyo barua yenu iliomba karatasi ambayo haiwezi kuwepo.

Tena barua hiyo ilijipinga yenyewe. Kipengele 45A, cha maelezo ya bidhaa, kinasema bei ni CFR Dar es Salaam, Incoterms 2020, yaani masharti ya kimataifa ya mauzo. CFR maana yake muuzaji analipa nauli ya meli mpaka bandari iliyotajwa. Aliyeandika mistari hiyo miwili aliiandika kwenye ujumbe uleule, siku ileile, na hakushtuka.

Najua mtaniambia nilipewa rasimu nikaitia sahihi. Ni kweli, sahihi ni yangu, siikatai. Rasimu ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza kwa herufi kubwa tupu, nilipewa saa kumi kasoro, mlinzi akiwa tayari ameanza kufunga mlango. Lakini hata hilo lisingetufikisha hapa, kwa sababu muuzaji aliliona. Tarehe 20 Februari alituma ombi kupitia benki yake kwamba bandari irekebishwe. Siku hiyo nilikuwa kwenu kwa jambo lingine nikauliza. Kijana wa gishe alinijibu, na maneno yake nayakumbuka: «Mama, usiwe na wasiwasi, benki inaelewa.» Hakuna marekebisho yaliyotumwa. Muuzaji akapakia kwa kuamini kwamba mmeelewa, na mimi nikalala usingizi.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba benki hairuhusiwi kuelewa namna hiyo. Mwisho wa barua yenu wenyewe imeandikwa kwamba inafuata UCP 600, yaani kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris zinazotumika tangu 1 Julai 2007. Nikazitafuta nikazisoma. Kifungu cha 5 kinasema benki zinashughulika na hati, hazishughuliki na bidhaa. Kifungu cha 4 kinasema barua ya mkopo inasimama peke yake, mbali na mkataba wa mauzo. Kwa hiyo yule kijana alinipa faraja asiyokuwa nayo: karatasi zikija, anayezikagua hatamuuliza mtu ramani ya Kongo iko vipi. Atasoma Lubumbashi upande mmoja, Dar es Salaam upande wa pili, na atasema zinapingana. Ndivyo ilivyokuwa.

Mzigo ulipakiwa melini tarehe 2 Machi. Muuzaji alikabidhi hati kwa benki yake tarehe 11 Machi, ndani ya zile siku 21 zinazoruhusiwa baada ya kupakia. Zilifika kwenu Jumanne tarehe 19 Machi; muhuri wenu uko juu ya bahasha. Meli yenyewe iliingia Dar es Salaam tarehe 21 Machi.

Tarehe 28 Machi mliandikia benki ya India kwamba mnazikataa hati, kwa sababu tatu. Mimi hamkunipigia simu. Habari niliipata tarehe 9 Aprili, usiku, kutoka kwa muuzaji mwenyewe, akinilaumu kwamba nimemgeuka.

Hizo sababu tatu nimezitazama moja moja, na sitasema zote ni za uongo.

Ya uzito nawapa. Orodha ya vifurushi inasema kilo 11,460 na hati ya shehena inasema kilo 11,640. Mtu wa India aligeuza tarakimu mbili. Ni tofauti ya kweli, na ni kosa la muuzaji.

Ya bandari nimeshaieleza. Kwa maandishi mlikuwa sahihi: hati ya shehena ilisema Dar es Salaam, barua ilisema Lubumbashi. Ila mlimkatalia mtu kwa kutotimiza sharti mliloliandika kwa makosa, baada ya yeye kuwaonya.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma, ingawa ni ndogo. Barua yenu iliandika «machine», kwa Kiingereza. Ankara ya muuzaji, kwenye mstari mmoja kati ya minne, iliandika «mashine». Mkaihesabu kuwa tofauti ya maelezo ya bidhaa. Mimi niliposoma nilidhani muuzaji amejifunza Kiswahili kwa heshima yangu. Lakini Chemba hiyohiyo ya Paris ina kitabu cha mwongozo kwa wakaguzi wa hati, ISBP 745 cha mwaka 2013, na aya yake A23 inasema kosa la herufi lisilobadili maana ya neno halihesabiwi kuwa tofauti. Mfano wa kwanza waliotoa, Bwana Mkurugenzi, ni huu huu: «mashine» badala ya «machine». Hawakutafuta mfano mwingine. Wanaendelea kusema kwamba «model 123» badala ya «model 321» ni jambo jingine, hilo ni tofauti, na hapo nawaelewa, maana mashine ingekuwa nyingine. Mkaguzi wenu angefungua ukurasa huo mmoja tu, sababu ya tatu isingeandikwa.

Hata hivyo, tuseme zote tatu ni nzuri. Bado kuna suala la siku. Kifungu cha 14 kinawapa siku tano za kazi za kibenki, kuanzia siku inayofuata ile mliyopokea hati. Hesabu pamoja nami: Jumatano tarehe 20, Alhamisi 21, Ijumaa 22, Jumatatu 25, Jumanne 26. Jumamosi sijaihesabu, kwa kuwaonea huruma. Kifungu cha 16 kinasema taarifa ya kukataa itolewe kabla ya siku ya tano kuisha, na benki isiyofanya hivyo inapoteza haki ya kusema hati zina kasoro. Ninyi mlitoa tarehe 28. Kuanzia jioni ya tarehe 26 Machi mlikuwa hamna la kukataa tena. Mlikuwa na kazi ya kumlipa muuzaji kwa fedha yangu iliyokuwa kwenu, na kunipa hati zangu.

Kuhusu kuniuliza mimi kama ninazikubali tofauti hizo, najua kifungu cha 16 hakiwalazimishi. Kinasema mnaweza, kwa uamuzi wenu. Lakini fedha ni yangu kwa asilimia mia, mzigo ni wangu, na namba ya simu yangu mnayo, kwa sababu kila mwisho wa mwezi mnanitumia ujumbe wa kunikumbusha ada. Mngeniuliza tarehe 20 Machi ningekuja kwa miguu kutia sahihi.

Nilipokuja tarehe 10 Aprili niliandika barua ya kukubali tofauti zote hapo hapo, nimesimama. Nilizionyeshwa hati: nakala tatu halisi za hati ya shehena, zimebanwa kwa kibanio kimoja, ndani ya bahasha ya kahawia yenye alama ya kikombe cha chai. Nilizitazama kupitia kioo cha gishe kama mtu anayemtazama mgonjwa. Hati hiyo iliandikwa kwa amri ya benki yenu, yaani mzigo utolewe kwa atakayetajwa na ninyi, kama ninyi wenyewe mlivyotaka, kwa hiyo bila sahihi yenu nyuma yake wakala wa meli Dar es Salaam hamwachii mtu kontena, hata akileta ankara, licence ya IB (kibali cha kuagiza bidhaa) tuliyofungulia kwenu, na FERI, fomu ya taarifa za mzigo unaoingia, ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya Kongo ya mizigo, ambavyo vyote nilikuwa navyo tayari. Sahihi hiyo, ambayo ni kazi ya kalamu moja, niliipata tarehe 17 Aprili.

Wiki hiyo yote ilikwenda wapi? Nimeambiwa mlikuwa mnatuma marekebisho ya bandari, na mkanikata dola 150 za marekebisho hayo. Kurekebisha barua wakati hati zimeshaletwa, zimeshakataliwa, na mimi nimeshazikubali! Kosa ni lenu, marekebisho hayakuhitajika tena, na anayelipa ni mimi.

Wakala wangu wa Dar es Salaam ameniletea faktire, yaani ankara, ya dola 1,870, za kuhifadhi mzigo bandarini na za kuchelewesha kontena la kampuni ya meli. Leo ninapoandika, lori liko kwenye foleni Kasumbalesa. Huku mahindi mapya yameanza kutoka mashambani tangu Aprili, na akina mama waliokuwa wakija kwangu na mabeseni yao, wakilipa kwa meka, kile kipimo cha nafaka, wameshazoea kwa jirani. Wateja hao siwezi kuwaandikia faktire. Siwadai kwa ajili yao.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie dola 1,870 nilizolipa bandarini na dola 150 za marekebisho, jumla dola 2,020, kwenye akaunti yangu. Mmwandikie muuzaji, kupitia benki yake, kwamba sharti la bandari lilikuwa kosa lenu, kwa sababu mtu huyo sasa ananitaka nilipe taslimu kabla ya kupakia kila kitu, na sina uwezo huo. Tena mnijibu kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri, ndani ya siku 15. Nikijibiwa tena kwa mdomo pale gishe, nitapeleka faili hili kwa wakili.

Nimeambatisha nakala ya fomu yangu ya tarehe 8 Februari, ujumbe wa SWIFT, ombi la muuzaji la tarehe 20 Februari, taarifa yenu ya tarehe 28 Machi, na faktire ya wakala. Fomu halisi yenye muhuri nimebaki nayo nyumbani.

Mwezi Julai nahitaji kuagiza vipuri vya mashine hizo: nyundo, chekecheke na mikanda. Fomu nyingine nimeshaichukua gishe wiki iliyopita, bado sijaijaza. Kisanduku cha bandari nitakijaza mbele ya mtu wenu, naye aniandikie jina lake pembeni.

Kwa heshima,

Mteja wenu, mwenye vinu vya kusaga, Katuba
(sahihi)