Anza na Tuta Moja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimefurahi mno kusikia umeamua kulima mboga nyuma ya nyumba. Umeniuliza ununue mbegu gani. Nakuomba mbegu uziweke kando kidogo, tuanze na mahali na udongo, maana hapo ndipo bustani inapofaulu au kufeli.

Toka uani asubuhi, mchana na jioni, uangalie jua linapiga wapi na kivuli kinaangukia wapi. Nyanya, pilipili na biringani zinahitaji jua kamili kwa muda wa saa zisizopungua 6 kwa siku. Mboga za majani kama saladi na spinachi huvumilia pungufu ya hapo. Kaa mbali na mti mkubwa. Hata ukiupogoa, mizizi yake itanyang'anya mboga maji. Tena chagua sehemu iliyo karibu na mlango na bomba. Bustani unayoipita kila siku utaiona mapema ikianza kunyauka.

Halafu anza na tuta moja tu, upana mita 1, urefu mita 2 au 3. Upana huo una sababu yake: unafika katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyaga ndani. Udongo ukikanyagwa hushindiliwa, hewa na maji vikakosa njia. Najua una hamu ya kulima ua wote, lakini palizi ya ua wote ndiyo inayowakatisha tamaa wengi wanaoanza.

Sasa udongo wenyewe. Chota konzi moja ukiwa na unyevunyevu, ufinye kiganjani, kisha fungua mkono. Ukimomonyoka papo hapo, ni kichanga: maji na virutubisho hupita haraka. Ukibaki donge linalonata, unaloweza kulisokota likawa uzi mrefu, ni mfinyanzi: maji hutuama na mizizi hukosa hewa. Ukishikana, halafu ukaachia ukiugusa kwa kidole, huo ni tifutifu, na una bahati. Kinachonifurahisha ni kwamba kichanga na mfinyanzi vyote dawa yake ni moja, mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki ya mimea yaliyooza. Kichanga hukisaidia kushika maji, mfinyanzi huufungua upitishe hewa. Tandaza unene wa sentimita 5 hivi, uchanganye na udongo wa juu mpaka kina cha sentimita 20. Ukipata samadi, iwe imeoza kabisa, haina joto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza miche na inaweza kubeba vimelea vya magonjwa, na saladi utaila bila kuipika.

Ukimaliza hapo, mbegu ni jambo jepesi. Panda figili, kwa sababu huwa tayari kwa wiki 4 hivi na zitakutia moyo. Ongeza saladi na maharage. Nyanya tafuta miche iliyokwisha kukomaa kidogo. Karoti usizioteshe kitaluni, yaani mahali pa kukuzia miche kabla ya kuihamisha, zisie palepale zitakapokulia, maana ukizihamisha mizizi hupinda. Mbegu nyingi huzikwa kwa kina cha mara 2 au 3 ya unene wake, ila za saladi zifunike kwa udongo mwembamba sana, zinapenda mwanga ili ziote. Zikiota zimesongamana, punguza. Inauma kung'oa mche mzima, lakini figili zilizobanana hutoa majani matupu.

Kumwagilia usifuate kalenda. Chomeka kidole ardhini. Kukiwa kukavu mpaka kwenye kiungo cha pili, mwagilia shinani, asubuhi, maji yazame chini. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku huifanya mizizi ibaki juujuu (mbegu ambazo hazijaota ndizo zinazotaka unyevu wa kila siku). Kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu, yasiguse mashina. Hili nalisisitiza zaidi kwa ajili ya nyanya. Maji yakija mengi leo na kukatika wiki nzima, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, nalo huota doa jeusi lililozama upande wa chini. Watu hukimbilia kupiga dawa ya kuvu, wakati kinachotakiwa ni unyevu usiopanda na kushuka.

Wadudu watakuja tu. Kila unapopita, geuza majani utazame chini yake, huko ndiko vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, hujificha. Wakiwa wachache, wasukume kwa maji ya bomba. Usinunue sumu kabla hujamjua mdudu mwenyewe, kwa sababu sumu huua pia wale wanaowala vidukari.

Ukishaufinya huo udongo, niandikie uniambie umekuwaje, na ua wako unapata jua upande gani, tupange pamoja nini kikae wapi kwenye tuta.

Wako akupendaye daima.