Mikahawa ya Nyali, pikeni samaki wetu

Mhariri,

Msomaji mwenzangu wa Kizingo ameilaumu mikahawa mipya ya Nyali na Bamburi kwa kuchanganya mapishi ya kigeni na ya kwetu, eti inaharibu chakula cha Waswahili. Mimi nimesimama jikoni katika hoteli za ufuoni tangu ujana hadi nilipostaafu, na siafikiani naye. Tambi twazipika kwa nazi, sukari na hiliki kila Ramadhani, na hakuna anayeuliza zilitoka wapi. Ingia hoteli ya Wasomali uagize basto: utaletewa spageti kwa nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu kando. Mtaliano aliitawala Somalia ya kusini akaondoka, tambi zikabaki, zikatiwa bizari za wenyewe. Nani leo atamwambia Msomali kwamba hicho ni chakula cha Roma?

Kinachonikera mimi ni kingine. Majuzi mkwe wangu alinialika kwenye mkahawa mmoja wa Nyali unaojisifu kwa mapishi ya Kitaliano “ya kisasa”. Nikaagiza tambi za samaki. Samaki mwenyewe akawa salmoni wa barafu, kasafirishwa kutoka mbali kuja kuliwa katika mji uliozungukwa na bahari. Nikamuuliza kijana aliyetuhudumia mbona si changu wala kolekole. “Mzee, wageni wanapenda vitu vya kimataifa.” Nikatazama meza zote, nisimwone mgeni. Tuliokuwepo ni watu wa Kisauni na Bombolulu.

Mpwa wangu anafanya kazi jikoni huko Australia, kwenye mkahawa ulio pembezoni mwa jiji la Melbourne, nao wapika Kitaliano kwa mtindo wa Waaustralia wa leo. Akipiga simu, mamake huuliza habari za baridi. Mimi huuliza habari za sufuria. Wataliano walihamia huko kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Pili, na Lygon Street, pale Carlton, ikajaa mikahawa yao. Wajukuu wao bado wakanda unga kama bibi zao, gramu 100 kwa yai moja. Ila kinachotiwa juu ya tambi ni cha pale pale: barramundi, samaki wa mito na pwani za kaskazini mwa nchi hiyo, au kamba wa maji baridi waitwao yabby. Ule mchuzi wa majani ya basil, ambao Italia husagwa na mbegu za msonobari, wao huusaga na makadamia. (Makadamia asili yake ni Australia, hata kama sisi twaijua ya Murang'a na Embu.) Hata kalenda waliigeuza. Kazi ya kusaga nyanya na kuzitia chupani, ambayo Italia ni ya Agosti, huko familia huifanya Januari na Februari, kwa kuwa ndipo jua lao linapowaka na nyanya zikaiva.

Sasa sisi twangoja nini? Korosho za Kilifi zasagika vizuri kuliko makadamia. Pweza wa Shimoni, akichemshwa polepole hadi alainike kisha akapikwa na nyanya na ukwaju kidogo, atakaa juu ya tambi bila kuona haya. Vile vidonge vya viazi ambavyo Wataliano huviita gnocchi, mimi huvitengeneza kwa muhogo. Siri ni kuuponda na kuukanda ungali moto. Ukipoa hukataa kushikana. Mchele ndio nisioweza kuutetea: wetu twautaka uchambuke, wao wautaka ushikane, kwa hiyo wa risotto, wali wao wa kushikana, na waagize tu.

Najua wenye mikahawa watajitetea kwa kusi. Ni kweli, upepo ule ukishika, mashua ndogo hazitoki na samaki huwa ghali. Basi badilisheni orodha ya vyakula, kama wale walivyobadilisha mwezi wa nyanya! Wakati wa kusi kuna ng'onda, samaki wa chumvi aliyekaushwa. Mtaliano hutia dagaa wa chumvi kwenye mafuta na kitunguu saumu kabla ya kuchanganya tambi. Ng'onda ya nguru iliyorowekwa ikapungua chumvi, ikachambuliwa vipande vidogo, hufanya kazi hiyo hiyo, na yapatikana Mombasa mwaka mzima.

Nawaomba wenye mikahawa jambo moja: waandike kwenye orodha yao samaki wa siku alivuliwa wapi, Vanga, Gazi au Ngomeni, tujue twalipia nini. Na mpishi yeyote atakaye kujifunza kazi ya muhogo, nitamfundisha bure. Ila aje asubuhi na mapema, kabla sijaenda sokoni Kongowea.

Mpishi mstaafu,
Bombolulu, Mombasa