Kwa wanangu mnaosomea kufundisha fasihi ya Kiingereza

Wanangu,

Wiki chache zilizopita walinijia vijana wanne, wenzenu, waliopangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na kwangu. Walikuwa wamesikia kwamba hapa yupo mzee aliyefundisha fasihi ya Kiingereza miaka 34. Wakaja na adabu zao, wakanywa chai, kisha wakanitolea madesa wanayosomea: kurasa sita za jedwali. Urasimi, ulimbwende, uhalisia, uasilia, usasa. Kila mkondo na miaka yake, sifa zake tano na majina matatu ya waandishi. Nikawauliza, katika hao mmemsoma nani? Wakatazamana. Halafu binti mmoja, mwerevu kwa kweli, akaniambia: "Babu, sisi tunakimbizana na mtihani. Na Kiingereza kina fasihi nzito sana, si kama Kiswahili chetu." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nawaandikia ninyi nyote kwa sababu ya maneno yale. Nimewapenda waandishi wa Uingereza na Marekani maisha yangu yote, na nataka ninyi pia muwapende. Lakini mkiwasoma wenyewe, si jedwali lao, mtakuta kwamba wengi wao walipata heshima yao kwa kukataa kauli kama ile, tena ikisemwa juu ya Kiingereza.

Anzeni na Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Katika Uingereza aliyokulia, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na mahakama, Kilatini lugha ya kanisa na wasomi. Kiingereza kilikuwa cha sokoni na jikoni. Mwaka 1362 ilibidi itungwe sheria ili kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, maana watu walikuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Rafiki yake Chaucer, mshairi John Gower, alitunga vitabu vitatu vikubwa, kimoja kwa Kifaransa, kimoja kwa Kilatini, kimoja kwa Kiingereza, kama mtu asiyejua mvua itanyesha upande gani wa shamba. Chaucer naye alikijua Kifaransa barabara, alikuwa mtumishi wa mfalme, asingekosa wasomaji wakubwa. Akaichagua lugha ya jikoni. Katika The Canterbury Tales akawakusanya mahujaji wanaokwenda Canterbury, akawemo msagaji nafaka mlevi na yule mwanamke wa Bath aliyeolewa mara tano, na kila mmoja akampa ulimi wake. Sifa tano za kukariri hazitawaonjesha jinsi mwanamke yule anavyojibizana na wanazuoni wa kiume.

Kwa Shakespeare sitakawia, maana mnaye kila mahali. Kumbukeni tu kwamba hakupita chuo kikuu, na Ben Jonson, katika shairi la kumsifu lililochapishwa 1623, aliona haja ya kutaja kwamba Kilatini chake kilikuwa kidogo na Kigiriki chake kidogo zaidi. Shairi hilo limo katika kitabu ambacho waigizaji wawili, wenzake, walikikusanya miaka saba baada ya kifo chake. Bila wao tungeweza kuzipoteza tamthilia karibu 18, Macbeth na Julius Caesar zikiwemo. Hii ya Julius Caesar Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka mwaka 1963, akiwa na nchi changa mikononi. Kisha hakuridhika, akaipitia tena ikatoka upya mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare. Angeona Kiswahili hakibebi, asingerudi mara ya pili.

Nipeni nafasi kwa William Wordsworth, kwa kuwa yeye ndiye aliyenigeuza. Shule niliyosomea, mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kiswahili alivishwa kipande cha mbao shingoni hadi amkamate mwenzake. Nilikivaa siku tatu nikiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu nilikataa kumtaja rafiki yangu. Katika shule hiyohiyo tulikaririshwa shairi la Wordsworth juu ya maua ambayo hatujapata kuyaona, nikaamini kwamba mtu huyu ni wa wale wenye mbao. Ilipita miaka mingi kabla sijasoma utangulizi wake.

Mwaka 1798 yeye na Samuel Taylor Coleridge walitoa diwani ndogo isiyo na majina yao. Ilipochapishwa tena 1800, Wordsworth akatanguliza maelezo marefu: kwamba washairi wa zama zake wamejivika lugha ya mapambo asiyoisema mtu yeyote, na kwamba yeye amejaribu kutunga kwa lugha ambayo watu wanaisema kweli, hasa watu wa mashambani. Wahakiki walimdhihaki kwa miaka. Mkondo wake ndio ulimbwende, na madesa yenu yameandika: "Ulimbwende: kupenda maumbile." Si uongo, lakini milima ile ilikuwa na watu.

Someni "Michael", shairi la mwaka huohuo wa 1800. Mchungaji mzee wa kondoo alimdhamini mtoto wa ndugu yake. Mambo ya yule kijana yakaharibika, deni likamrudia mzee. Auze sehemu ya shamba la wazee wake, au ampeleke Luke, mwanawe wa pekee, kwa jamaa mjini akatafute pesa? Akamtoa mwana ili shamba libaki. Kabla ya safari akampeleka Luke bondeni, penye mawe aliyoyakusanya kujengea zizi, akamwambia aweke jiwe la kwanza kwa mkono wake, liwe agano baina yao. Luke akaenda. Habari zikaja nzuri mwanzoni. Halafu akalegea, mji ukammeza, hata aibu ikamkimbizia ng'ambo. Mzee akaendelea kwenda pale penye zizi, na majirani wakasema siku nyingi alikwenda asinyanyue hata jiwe moja. Mshororo ule hauna neno gumu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atauelewa, na baba aliyempeleka mwanawe Dar es Salaam asipate tena simu yake atauelewa kuliko profesa yeyote.

Sasa rukeni miaka 174. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alitoa diwani yake ya Kichomi, na katika utangulizi akasema anachotaka kuleta katika ushairi wa Kiswahili ni lugha ya kawaida, ile watu wanayozungumza kila siku. Waliolelewa na vina na mizani walimwakia. Nilikuwa kijana na nakumbuka ukali wa mabishano yale. Mimi napenda vina hadi leo, siwezi kuwaficha, lakini nilijua wakati ule kwamba ugomvi huu nimeshausoma mahali. Ndiyo maana nasema mikondo ya fasihi si makabati ya kupangia majina. Ni magomvi ya watu walioumia juu ya nani asikike na kwa lugha ipi. Mkiufahamu ugomvi, miaka itakaa kichwani yenyewe.

Marekani ilikuwa huru tangu 1776, lakini waandishi wake waliendelea kutazama London kupata ruhusa. Mwaka 1837 Ralph Waldo Emerson aliwaambia wasomi wa Harvard kwamba wamezisikiliza vya kutosha sauti za Ulaya. Aliyemwitikia ni Walt Whitman, mtu wa kiwanda cha chapa. Mwaka 1855 alitoa Leaves of Grass kwa gharama yake, herufi nyingine akizipanga kwa mkono wake, bila vina, mishororo mirefu kama pumzi ya mtu anayetembea. Humo wamo maseremala, mabaharia, mtumwa aliyetoroka, wote kwa sauti moja kubwa. Emerson alimwandikia kumpongeza. Miaka thelathini baadaye, 1885, Mark Twain, katika Adventures of Huckleberry Finn, alipompa mvulana wa mtoni asiye na elimu kazi ya kusimulia riwaya nzima kwa lahaja yake, maktaba ya Concord ilikitoa kitabu hicho kwa kukiona takataka. Concord ni mji wa Emerson na wa mwandishi mwenzake, Thoreau. Hata pale walipohubiri uhuru wa fikra, lugha ya mtoto wa mtoni iliwashtua wenyeji.

Hapa nawasihi kama mwalimu aliyewahi kukosea. Msianze na Twain. Riwaya ile ina tusi dhidi ya watu Weusi zaidi ya mara 200, na mtoto akikutana nalo kabla ya kuwasikia waliotukanwa, mmemwachia kidonda. Anzeni na Phillis Wheatley, aliyefikishwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto mtumwa, akapewa jina la meli iliyomleta. Diwani yake ilipotoka London 1773, ilitanguliwa na saini za waheshimiwa 18 wa Boston wanaothibitisha kwamba kweli ameandika yeye. Kisha Frederick Douglass. Bibi wa nyumba huko Baltimore alianza kumfundisha herufi. Mumewe akamkataza, akisema mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto akasikia. Akajua palepale mlango uko wapi. Akawa anabeba mkate mfukoni, anawapa watoto wa Kizungu wenye njaa mitaani, nao wanamlipa kwa masomo. Alitoroka 1838, na kitabu cha maisha yake kikatoka 1845. Mwanafunzi anayelalamika kwamba kusoma kunachosha, msomeeni kisa cha ule mkate.

Wajukuu wa watu hao, wakiwa wamehamia kaskazini kwa malaki wakiukimbia Kusini, ndio walioifanya Harlem, mtaa wa New York, ya miaka ya 1920. Langston Hughes alichukua wimbo wa bluzi, wa vilabuni na wa wafuaji nguo, akaufanya ubeti. Diwani yake ya pili, ya 1927, ilishambuliwa na magazeti ya Weusi wenyewe: kwa nini unatuonyesha hivi mbele ya Wazungu? Zora Neale Hurston alikusanya ngano barazani kwa watu wa Florida, na mwaka 1937 akaandika Their Eyes Were Watching God kwa lahaja ya mji aliokulia. Richard Wright, mwandishi mkubwa naye Mweusi, alikihakiki kwa ukali, akisema hakina jambo zito na kinawaburudisha Wazungu. Mimi namheshimu Wright, lakini pale alikosea. Uzito alioutafuta ulikuwa mdomoni mwa wanawake wale wa barazani. Hurston alifariki 1960 bila mali, akazikwa kaburi lisilo na alama. Mwaka 1973 mwandishi Alice Walker alikwenda hadi makaburi yale, akapita katika majani marefu akilitafuta, akaliwekea jiwe. Toni Morrison, aliyepata Nobel mwaka 1993, asingekuwa na barabara pana vile bila wanawake hawa.

Hughes alifika hata kwetu, maana alihudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika Makerere mwaka 1962. Mtu aliyekemewa kwa kuandika lugha ya vilabuni alikaa na vijana wa Afrika waliokuwa wakijiuliza waandike kwa lugha gani.

Juu ya usasa, mkondo wa waliovunja mitindo ya zamani, nitasema machache, kwa sababu hapo hoja yangu haikai sawasawa. Mwaka 1922 T. S. Eliot, Mmarekani aliyehamia London, alitoa The Waste Land, shairi lililojaa lugha nyingi na maandiko ya kale, na lina ugumu ambao sidhani wote ulikuwa wa lazima. Virginia Woolf namwona mkarimu zaidi, kwa jinsi anavyokuingiza ndani ya fikra za mtu anayenunua maua tu asubuhi. Wasomeni, lakini msiwaogope, wala msiwaambie wanafunzi kwamba kutoeleweka ni dalili ya ukubwa.

Na Joseph Conrad msomeni macho yakiwa wazi. Alizaliwa katika familia ya Kipolandi, Kiingereza akajifunza akiwa mtu mzima, nacho akakitawala hata leo ni mwandishi mkuu wa Uingereza. Mwaka 1890 alisafiri kwa meli katika mto Kongo, na riwaya fupi iliyotokana na safari ile, Heart of Darkness, ilitoka 1899. Inawashutumu wanyang'anyi wa pembe za ndovu. Lakini Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975, alionyesha kwamba Waafrika wa riwaya hiyo karibu hawana maneno. Watu wa mto ule, wenye lugha na nyimbo zao, wamepewa makelele. Mimi nimeifundisha mara nyingi, na kila mara niliwauliza wanafunzi: hapa mtu huyu angesema nini, kama angeachwa aseme? Walipojibu, darasa lilibadilika.

Jibu refu kuliko yote limetoka Unguja. Abdulrazak Gurnah alizaliwa huko mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akapata Nobel. Vitabu vyake ni fasihi ya Uingereza, hakuna atakayewabishia. Ndani yake misafara inatoka pwani kwenda bara, na watu waliokuwa makelele kwa wengine wanaswali, wanadaiana, wanataniana. Paradise yake ilitoka 1994. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Niliisoma kwa Kiingereza nikiwa kazini, na mwaka jana nikaisoma kwa Kiswahili hapa barazani. Mazungumzo ya wafanyabiashara yalinijia kama watu waliokuwa wamekaa chumba cha pili, sasa wamefungua mlango.

Binti yangu uliyeniambia maneno yale, kama barua hii imekufikia, nakala yangu ya Peponi ipo mezani, na "Michael" nimeinakili kwa mkono, mishororo yote, kwa hati kubwa kidogo kwa ajili ya macho yangu. Njoo uvichukue na wenzako. Mkishasoma mnirudishie, tukae tuzungumze.

Babu yenu na mwalimu wenu,
Tanga