Kikao cha Alhamisi: vena za adrenali

Habari za jioni, wanakikundi. Alhamisi saa 2 usiku tunaendelea na uchukuaji wa damu kwenye vena za adrenali (tezi mbili zilizo juu ya figo), kwa wagonjwa ambao aldosteroni, homoni ya tezi hizo inayopandisha shinikizo la damu, imezidi na shinikizo linagoma kushuka. Tunatafuta ni tezi ipi inayoizidisha.

Someni upande wa kulia kwanza. Kushoto hakusumbui sana: vena ya adrenali huungana na ile inayotoka chini ya kiwambo, kisha humwaga damu kwenye vena ya figo. Kulia ndiko jasho linakotutoka. Vena ni fupi mno, huingia moja kwa moja kwenye vena kava ya chini (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni) kwa upande wa nyuma, na kwa baadhi ya watu huungana kwanza na kijivena cha ini. Unadhani umefika, kumbe unavuta damu ya ini! Kwa hiyo picha za CT zipitiwe kabla mgonjwa hajalala mezani.

Kinachothibitisha kuwa tumefika ni kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo, si macho yetu. Gawanya kiwango chake cha vena ya adrenali kwa kile cha damu ya pembeni (iliyochukuliwa mbali na tezi): bila dawa ya kuchochea tezi, wengi hutaka angalau 2, dawa ikitumika, 5. Chini ya hapo sampuli haitusaidii, hata picha ipendeze vipi.

Wauguzi wetu, tuelezeni mnavyoandika lebo za chupa. Kulia na kushoto zikibadilishana, itakatwa tezi isiyo na kosa.

Atakayeleta picha afute kwanza jina na namba ya mgonjwa. Safari hii sirudii.