Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Asiye na Kazi Ndegeni Asipande

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hasa ninyi mliotoka Nanyuki na Mombasa. Mweka hazina atawasomea hesabu na katibu atawapa kumbukumbu za mkutano uliopita, kwa hivyo sitayagusa hayo. Muda wangu nitautumia kwa jambo moja lililoishughulisha kamati kuliko mengine yote mwaka huu: nani anastahili kuwa ndani ya ndege iliyostaafu jeshini, siku inapohamishwa kwenda kwa mwenyewe mpya.

Wengi wetu tuliingia katika kazi hii ya kuhamisha ndege kwa mapenzi. Tulikua tukizitazama ndege za mizigo za Caribou na jeti za Strikemaster za Jeshi la Anga letu la Kenya, lililoundwa Juni 1964, na leo mtu akitupigia simu kusema kuna ndege ya aina hiyo inangoja kurushwa, moyo unaruka kabla yake. Sioni aibu kwa mapenzi hayo. Ila mwaka huu tumeona kwamba simu hiyo huja na tarehe ya kuondoka ikiwa imeshapangwa, mnunuzi ameshalipa, kibali cha kupita anga kinakaribia kuisha, na kitu cha mwisho kinachotafutwa ni rubani. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ndege ikiwa jeshini, kuna kikosi kizima nyuma yake: mafundi waliosomea mfumo huo mmoja tu, ghala la vipuri, na mkufunzi anayemkagua rubani kila mara. Siku inapotoka jeshini, hayo yote hubaki kambini. Hata sheria inabadilika. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kiraia duniani, katika Kifungu cha 3, hauhusu ndege za serikali, zikiwemo za kijeshi. Ikishapewa namba ya kiraia, ndege inaingia chini ya mkataba huo, na kwa kawaida huruka kwa kibali maalumu kwa sababu haijatimiza masharti yote ya cheti cha kufaa kuruka. Ndiyo maana Kifungu cha 40 kinataka ndege ya namna hiyo iombe ruhusa kwa kila nchi inayoingia. Kibali kutoka KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, pekee hakikufikishi mbali. Wapo waliogundua hilo wakiwa tayari wameegesha ugenini.

Nataka tutazame kwa makini ajali ya tarehe 10 Julai 2018 karibu na uwanja wa Wonderboom, Pretoria. Ndege ilikuwa Convair 340 ya miaka ya hamsini, iliyowahi kutumika katika jeshi la Marekani. Ilikuwa imetolewa zawadi kwa jumba la makumbusho la Lelystad, Uholanzi, na siku chache baadaye ilipaswa kuanza safari ndefu ya kuvuka Afrika. Marubani walikuwa watu wazito, wenye miaka mingi katika ndege kubwa za abiria. Injini ya kushoto ilishika moto wakati wa kupaa, na abiria mmoja aliupiga picha moto huo kupitia dirishani. Wachunguzi wa Afrika Kusini walieleza kwamba taratibu za dharura za kuzima moto wa injini hazikufuatwa, na kwamba fundi aliyekuwa ndani ya chumba cha marubani alikuwa akishika vidhibiti ambavyo hakuwa na leseni ya kuvishika. Ndege iligonga jengo la kiwanda. Watu walikufa, ndani ya ndege na ardhini pia.

Ndani mlikuwa na watu 19. Najiuliza wangapi kati yao walikuwa na kazi ya kufanya humo, na kila nikijiuliza naumia. Ndege ya miaka zaidi ya 60, inayojiandaa kuhama bara, haikuwa mahali pa kuwafurahisha wageni.

Kuna na ile ajali ya Sacramento, Marekani, tarehe 24 Septemba 1972. Sabre, jeti ya kivita iliyostaafu, ilikuwa ikiondoka kwenye maonyesho ya ndege kurudi nyumbani, safari fupi tu. Rubani aliinua pua kupita kiasi, ndege ikashindwa kupaa, ikavuka barabara na kuingia katika duka la aiskrimu. Watu 22 waliuawa, 12 kati yao watoto. Rubani alikuwa na chini ya saa nne katika aina hiyo ya ndege. Saa zake nyingine zote, katika ndege nyingine, hazikumsaidia pale.

Hapa kwetu hesabu hiyo ni kali zaidi. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 8,000. Injini ya pistoni isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza karibu robo ya nguvu zake hapo, na ndege za jeti nazo huhitaji njia ndefu zaidi. Rubani aliyejifunza ndege hiyo kwenye uwanja wa pwani huko Ulaya, akaja hapa Ijumaa ili aondoke Jumamosi saa saba mchana na matangi yamejaa, hajui anachokwenda kukutana nacho. Kamati imeshauri kuondoka kuwe asubuhi na mapema, na matangi yajazwe kwa kiasi cha kufika kituo cha kwanza na akiba yake.

Na vituo vyenyewe vimebadilika. Tangu mapigano yalipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, ile njia ya wazee ya Juba, Khartoum na Aswan imetutoka mikononi. Sasa tunafikiria milima ya Ethiopia, kisha Djibouti na Bahari ya Shamu. Ndege nyingi za zamani hazina chumba kilichojazwa hewa kwa shinikizo, hazina mfumo wa kujiendesha, na zinapiga kelele kutwa. Ukipita futi 10,000 bila oksijeni, akili inapungua nawe unajiona mzima kabisa. Petroli ya ndege nayo ni adimu njiani. Mara nyingi lazima ipelekwe kwa mapipa mapema, na lazima awepo mtu wa kuipima kama ina maji kabla haijaingia tangini. Mtu mmoja hawezi kuruka, kupima mafuta, kubishana na maofisa wa uwanja na kulala usingizi wa kutosha. Ndiyo maana tunasisitiza marubani wawili wenye kibali cha aina hiyo ya ndege, pamoja na fundi anayeijua.

Fundi huyo apewe heshima yake. Mwaka 1992 huko Gimli, Kanada, Caribou iliyowekewa injini mpya iliruka pini za kufungia usukani ndege ikiegeshwa zikiwa bado mahali pake, ikaanguka na kuwaua waliokuwemo. Kukagua usukani kunachukua nukta chache. Kuhusu viti vya kujirusha, vile vinavyomtoa rubani nje ya ndege kwa nguvu ya baruti, kumbukeni Scampton, Uingereza, tarehe 8 Novemba 2011: rubani wa kikosi cha maonyesho cha jeshi alirushwa nje ya jeti ya Hawk iliyokuwa imesimama ardhini, mwavuli haukufunguka, akafa. Hilo lilitokea jeshini, penye mafundi wa kutosha. Sisi tunaozipokea ndege hizi na baruti za viti vyake zikiwa zimepita muda, tutahadhari mara mbili.

Mwaka huu kamati ilikataa ombi moja lililokuwa na malipo mazuri. Mnunuzi alitaka jeti ya mafunzo ya viti viwili irushwe na rubani wa ndege za abiria ambaye hakuwahi kuiendesha, na kiti cha nyuma akalie jamaa wa mnunuzi. Tulipendekeza mkufunzi aje kwanza. Alikataa, tukaachana. Baadhi yenu mlinung'unika, na nawaelewa, maana kazi ni chache. Bado naamini tulifanya sawa.

Jambo lililojitokeza katika mazungumzo hayo ni mtindo wa malipo. Rubani anayelipwa baada ya kufikisha ndege ana sababu ya kuruka hata injini ikimpa mashaka. Alipwe kwa siku, aruke asiruke, na tikiti ya kurudi nyumbani iwe mkononi mwake kabla hajaondoka.

Kwa hivyo kamati inaleta mbele yenu pendekezo la kuongeza kifungu katika kanuni zetu. Mwanachama hatashiriki safari ya kuhamisha ndege isipokuwa marubani wote wawili wana kibali na mazoezi ya karibuni katika aina hiyo. Asiye na kazi ndegeni hatapanda, awe mnunuzi, mpiga picha au mwenyekiti wa chama hiki. Fundi hatashika vidhibiti vya rubani, ila akisema ndege haijawa tayari, haitaruka. Malipo yatakuwa ya siku.

Mjadala uko wazi sasa, na kura itapigwa kwa karatasi kabla ya chakula cha mchana. Wanaotaka kugombea nafasi yangu wampe katibu majina yao leo, pamoja na jina la mwanachama anayewaunga mkono.