Nilimficha msiba, sasa hataki dripu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Dar es Salaam. Mwaka 2018 niligundulika na saratani ya titi. Nikakatwa titi la kushoto, nikapigwa dripu za dawa ya saratani, nikaenda mionzi hospitali ya Ocean Road, kisha nikameza vidonge kila siku kwa miaka mitano. Namshukuru Mungu, leo ni mzima. Kinachoninyima usingizi ni neno lililotoka kinywani mwangu mwenyewe.

Tuna kikundi chetu, wanawake kumi na mmoja tuliojuana kwenye benchi la kliniki. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Daktari anakutibu, lakini kwenye foleni ile hapati nafasi ya kukueleza yote. Mimi nilipopigwa ile dripu nyekundu nikaona mkojo nao mwekundu, nilidhani navuja damu, nikalia chooni peke yangu usiku. Tangu hapo kila mgeni namwambia mapema: usishtuke, ni rangi ya dawa, siku moja mbili inaisha. Nywele zitaanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu, heri uzinyoe kabla hujaziokota kwenye mto. Na mkono wa upande uliokatwa usibebee ndoo.

Nguzo yetu alikuwa mwalimu mstaafu, tukimwita Mwalimu tu. Ndiye aliyetushonea matiti ya kitambaa. Kidonda kikiwa kibichi alijaza pamba tupu. Kikishapona aliongeza mtama mkavu, kidogo kidogo, akipima kwa viganja mpaka uzito ulingane na titi lililobaki. "Bila uzito bega litapanda, utatembea upande," alikuwa akisema.

Mwanzoni mwa mwaka huu akaja binti wa miaka 34, ana watoto wawili wadogo, ametoka kukatwa. Alikuwa haongei kabisa. Mwalimu alimshonea lake, akamvalisha mwenyewe chumbani kwangu, na nikiwa sebuleni nikamsikia binti anacheka. Tangu siku hiyo wakawa mama na mwana.

Ugonjwa wa Mwalimu ulichelewa kuonekana, ulikuwa umeshafika kwenye ini. Sisi wakongwe tulijua, naye alijua. Alifariki mwezi wa tano, tukamsafirisha kwao Tukuyu. Sasa, zamani tulipozika wenzetu wawili ndani ya miezi mitatu, tulikubaliana kwamba aliye kwenye dripu asiambiwe msiba mpaka amalize. Wazo hilo lilikuwa langu. Kwa hiyo binti aliponiuliza, "Mama, mbona Mwalimu hapokei simu?" nikamjibu, "Amekwenda kwao Tukuyu kupumzika." Akasema amemwekea kitenge, atampa akirudi. Nikaitikia.

Wiki chache baadaye mmoja wetu, akidhani binti anajua, akampitishia daftari la mchango wa arobaini.

Hakunipigia simu. Kesho yake bodaboda akaniletea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na lile titi la kitambaa: mfuko umefuliwa na kupigwa pasi, mtama wake umefungwa kando kwenye karatasi. Barua hamna.

Shangazi, alikuwa amebakiza dripu moja nyekundu, kisha nne za dawa nyingine. Tarehe yake imepita Jumanne, hakwenda. Dada yake ananiambia hoja yake ni moja: kama Mwalimu aliyefuata kila kitu amekufa, yeye anahangaikia nini? Natamani kumweleza kwamba ugonjwa wake si ule wa Mwalimu. Wake ulikutwa haujatoka titini na kwapani, na dripu hizo anapigwa ili usirudi. Lakini mdomo wa kumwambia hayo ndio huu huu uliomdanganya.

Kikundini hatuelewani. Wengine wanasema tuendelee kuficha, mgonjwa wa dripu moyo wake ni mwepesi. Wengine wanasema mtu anayeweza kuvumilia dawa ile anaweza kuvumilia ukweli, na mimi sasa naelekea huko. Mume wangu anataka niachane na kikundi kabisa, maana kila msiba narudi nyumbani siwezi kula. Simlaumu. Ila niliposhindwa kuinua mkono mwaka ule, walionifundisha kuupandisha ukutani kidole kwa kidole ni wanawake hawa hawa.

Naomba unishauri. Niende kwake mwenyewe, au nimtangulize muuguzi wa kliniki anayemheshimu? Nikifika nianze na msamaha, au nianze na dripu, maana siku zinakwenda? Na msiba mwingine ukitokea, tuwaambie vipi wageni bila kuwavunja?

Lile titi nimelirudishia mtama wake na kulishona upya. Sijui kama ni haki kwenda nalo, au niliache kabatini mpaka aliulizie mwenyewe.

Mama wa kikundi cha Jumamosi,
Dar es Salaam